Watu wenye hakika zao

Mtu akileta baiskeli kwa fundi, haji nayo peke yake. Huja na ugonjwa aliokwisha kuupa jina. "Fundi, tyubu hiyo imekufa, nibadilishie." "Fundi, friwili imekwisha." "Fundi, rimu imekwenda upande, nimeiangalia mwenyewe." Mie kazi yangu ni hiyo, Ngamiani, hapa Tanga mjini, chini ya mwarobaini uliokuwa mche nilipoanza na sasa unatudondoshea majani kwenye vikombe vya kahawa. Wateja walionijia wakasema, "Sijui ina nini, hebu itazame," nawakumbuka kwa sura, maana hawajazi benchi moja.

Alikuja bwana mmoja anaisukuma yake, tairi la nyuma limelala chini kabisa. Shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Akaagiza tyubu mpya kabla hata salamu haijakamilika. Nikamwambia, "Ngoja kwanza tuliulize beseni." Nikaitoa tyubu, nikaijaza upepo, nikaizamisha kwenye maji na kuizungusha kipande baada ya kipande. Hakuna kitu. Nikarudia. Hakuna kitu. Yeye kanisimamia kichwani: "Hapo, fundi, hapo hapo pana tundu." Nilipofika kwenye vali vipovu vikaanza kupanda, kimoja, kingine, taratibu kabisa. Kile kimpira chembamba cha ndani ya vali kilikuwa kimechoka. Nikakata kipya, nikakivisha, nikapiga pampu, tairi likasimama. Shilingi mia mbili.

Mwadhani alifurahi? Alinuna. "Kumbe hiyo tu?" Akalipa, kisha akanunua na ile tyubu mpya vilevile, akaifunga kwenye keria, akaenda nayo kwake. Sikumzuia, biashara ni biashara. Ila nilijifunza kwamba watu wengi hawapendi kuponywa kwa bei rahisi. Ugonjwa mkubwa una heshima yake, na mtu akishatangaza kuwa anao, ukimwambia ana mafua tu umemvunjia adabu.

Kijiwe changu hukaliwa na kila namna ya watu: madereva wa bodaboda, karani mstaafu wa bandari, mzee aliyekata mkonge tangu ujana wake, wavuvi wanaosubiri maji, mwalimu mmoja mstaafu wa hesabu ambaye habari zake zaja, na vijana wanaotafuta kazi huku wakiomba wasiipate kabla ya saa kumi. Kwa kuwasikiliza hawa, nimeacha kuamini kwamba upumbavu hutokana na kukosa shule. Waliosoma nimewaona wakiliwa, na wasiosoma nimewaona wakiliwa, na aghalabu huliwa meza moja. Kinachowaunganisha ni kuwa na hakika mapema mno. Asiyejua huuliza. Mwenye hakika ataulizaje, na jibu analo mkononi?

Na usidhani ni maradhi ya watu wadogo. Mji wetu huu umewahi kupiganiwa, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na watu wakubwa, wenye nyota mabegani, na kisa chenyewe wazee hukisimulia kijiweni wakicheka mpaka kahawa yawapalia. Tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Kiingereza iitwayo Fox iliingia Tanga. Kapteni wake akamwarifu mkuu wa Kijerumani kuwa yale maafikiano ya kutopigana yamevunjwa, na mji usiposalimu amri utapigwa. Yaani kampigia adui yake hodi. Halafu, na hapa ndipo mzee wetu wa bandari huweka kikombe chini, akamuuliza adui huyohuyo kama bandari imetegwa mabomu! Mjerumani atajibu nini? Akamfanya aamini imetegwa. Waingereza wakaingia kazi ya kuifagia bahari wakitafuta mabomu ambayo hayakuwepo, na huku nyuma von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, anashusha askari wake kwa treni kutoka Moshi.

Waliokuja kwa meli walikuwa kama elfu nane, wengi wao askari wa Kihindi waliokaa baharini majuma kadhaa, wamechoka, hawajawahi kupigana pamoja. Waliowangoja walikuwa kiasi cha elfu moja. Jenerali wa Waingereza, Aitken, alikuwa ameonywa na maofisa waliowajua askari Waafrika wa Mjerumani kwamba wale si wa kudharau. Akadharau. Wakashukia upande wa Ras Kazone, tarehe 4 wakaingia mashambani kuelekea mjini, na katikati ya risasi mizinga ya nyuki ikavurugika. Nyuki hawakuuliza nani wa mfalme gani, waliuma pande zote mbili. Lakini waliokuwa wakirudi nyuma ndio waliowakumbuka zaidi. Tarehe 5 wakapanda meli zao wakaondoka, wakaacha ufuoni bunduki, bombomu na risasi laki kadhaa, ambazo Mjerumani alizitumia dhidi yao baadaye bila hata kusema asante.

Kisha zikaenea habari huko kwao kwamba Mjerumani aliwatega nyuki kwa makusudi, kawafunga kamba kwenye vichaka. Hapo ndipo mie hupapenda zaidi. Jenerali alipuuza onyo, kapteni alimuuliza adui siri yake, watu walichoka, wakati ulipotea, lakini waliosababisha kushindwa ni nyuki. Tangu nilisikie hilo, kila anayekuja kijiweni na hasara mpya mie humsikiliza kwa subira nikingoja nyuki wake atokee. Hutokea.

Wasomi nao wana kisa chao katika bahari yetu. Kuna samaki aitwaye silikanti, mkubwa, magamba magumu, mapezi yamekaa juu ya vikonyo vinene utadhani anataka kutembea. Vitabu viliandika kwamba alikwisha kutoweka duniani miaka zaidi ya milioni sitini iliyopita. Mwaka 1938 akatolewa mmoja kwenye nyavu za meli ya uvuvi huko Afrika Kusini, mbichi kabisa. Na huku kwetu, kuanzia mwaka 2004, jarife za papa zinazotegwa kina kirefu upande wa Kigombe na jirani zake zikawa zinamleta mmoja baada ya mwingine, hata serikali ikatangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti mwaka 2009. Mvuvi anayekaa kijiweni petu hushangaa wanaoshangaa. Kwake yeye ni samaki mwenye mafuta mengi asiye na soko.

Lakini sitawacheka wasomi hao. Walipomwona samaki walifuta walichoandika wakaandika kingine, na hawakusema silikanti ndiye mwenye makosa. Ningepata wateja kumi wa namna hiyo ningeajiri kijana wa pili.

Sasa mwalimu wangu. Namwita wangu kwa mapenzi, maana ni mtu mwema, mkarimu, na amewafundisha hesabu nusu ya watu wa mtaa huu. Alipopata kiinua mgongo chake alikuja kijiweni asubuhi, akaagiza kahawa, akanisogelea. "Fundi, nataka ushauri wako." Hapo nikajua ameshaamua. Mtu ambaye hajaamua huja na swali, hakai ubavuni mwako akishusha sauti.

Akatoa simu. Kuna uwekezaji, ukiweka laki moja mara moja, kila siku unaingiziwa elfu tatu, na ukileta watu wawili unaongezewa. Nikamwambia, "Mwalimu, hesabu ni zako, mie nakumbusha tu. Elfu tatu kila siku, mwezi elfu tisini. Laki moja izae elfu tisini kwa mwezi, hiyo inalima nini? Hela hiyo yatoka wapi?"

"Ah, fundi," akaniambia kwa upole, vile anavyosemeshwa mtoto wa darasa la tatu, "hayo ni mambo ya mtandao. Weye hutayaelewa."

"Basi ushauri wautakia nini?"

"Nilitaka usikie tu, usije ukasema sikukwambia."

Amin nawaambieni, wengi wanaoomba ushauri huomba shahidi. Ukikubaliana nao, una busara. Ukipinga, una kijicho. Nimejifunza kuwajibu kwa swali moja tu na kurudi kwenye spoku zangu, kwa sababu mtu aliyekwisha kuamua ukimpinga sana unampa nguvu. Atalifanya jambo lile mara mbili, mara moja kwa faida yake na mara moja kwa kukukomoa.

Wiki za mwanzo simu yake ilikuwa furaha ya kijiwe. Kila asubuhi aliifungua akatusomea namba zilivyopanda. Siku moja akatoa elfu thelathini, hela ya kweli, ya kushikika, akatulipia kahawa na kashata watu wote waliokuwepo. Hiyo ndiyo iliyomaliza ubishi. Kabla ya kashata alikuwa na wafuasi wawili, baada ya kashata walikuwa dazeni. Dereva mmoja wa bodaboda aliyekuwa kwenye mkataba, anampelekea tajiri hesabu ya kila siku ili pikipiki iwe yake mwakani, aliacha kupeleka hesabu siku kadhaa akaitia hela hiyo kwenye simu. Pikipiki ikachukuliwa. Simu ikabaki.

Kila mtu aliyekaa pale, mwalimu wa kwanza, anaijua hadithi ya Abunuwasi na sufuria. Aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha na kijisufuria ndani yake, akasema imezaa. Jirani akapokea watoto bila kuuliza sufuria huzaaje. Aliporudi kuazima lile kubwa la shaba akapewa kwa mikono miwili, na alipoulizwa liko wapi akasema limefariki, Mungu amlaze pema. Mwalimu amewasimulia watoto kisa hicho darasani miaka na miaka, na watoto wakacheka, na yeye akacheka. Elfu thelathini zile zilikuwa kijisufuria. Zilitoka kwa wenzake waliojiunga nyuma yake, maana mchezo wa namna hiyo haulimi wala haufugi. Anayekuja leo humlipa aliyekuja jana, na siku wanaokuja wakipungua sufuria inakufa.

Ikafa. Kwanza wakaambiwa mfumo uko kwenye matengenezo. Kisha wakaambiwa kila mwenye akaunti alipe kodi kidogo ndipo fedha zake zifunguliwe. Mwalimu akalipa. Hapo nilisikia uchungu, maana hela ya kwanza ilimtoka kwa tamaa, na tamaa sote tunayo, lakini ya pili ilimtoka kwa kutotaka kukubali. Kisha kundi lao la WhatsApp likafungwa, na namba zote hazipatikani.

Nikangoja nyuki. "Wamedukuliwa," akatuambia. "Wale watu walikuwa waaminifu kabisa, ila wamedukuliwa na maadui zao." Na mpaka miezi mingi baadaye ukimtaja mwizi kwa jina la mwizi, mwalimu alikuwa akikasirika kwa niaba yake. Kwanza sikuelewa. Baadaye nikaona kwamba akimkubali yule kuwa mwizi, itabidi na yeye ajikubali kuwa kaibiwa, tena kwa hesabu ya darasa la tano. Kwa hiyo alimtetea mwizi ili ajitetee mwenyewe. Jambo hili nimeliona kwa walioposwa na matapeli, kwa waliouziwa madini ya bandia, na kwa wapiga kura.

Mmoja tu alikataa kashata ya siku ile. Ni bi mkubwa anayepika vitumbua upande wa pili wa barabara, ambaye ndiye mshika daftari wa mchezo wa akina mama wa mtaani. Wako kumi, kila wiki elfu kumi, laki moja yamwendea mmoja, mpaka mzunguko ukamilike. Zamu hupangwa kwa kura, ila bi mkubwa ana uhuru wa kuzibadili: mwenye msiba atangulie, mwenye ada ya mtoto atangulie, na yule ambaye kila mtu anajua mumewe humnyang'anya, apewe jioni watu wakiwa wamelala. Asiyejulikana vizuri hupewa mwishoni. Hawana katiba, hawana mhuri, na sijasikia wakidhulumiana.

Mwalimu alimfuata na simu yake. Bi mkubwa akaendelea kugeuza vitumbua.

"Mwalimu, huyo mwenye hela nyumba yake iko barabara ya ngapi?" Ngamiani kila barabara ina namba yake, basi swali lile kwetu ni swali la kawaida kabisa.

"Hana nyumba huku, bi mkubwa. Yuko mtandaoni."

"Basi siku akihama huko mtandaoni, mie nikagonge wapi?"

Mwalimu akacheka, akamwambia dunia imebadilika. Bi mkubwa akamwambia ndiyo, imebadilika, na vitumbua vyako ni mia nne.

Msidhani nataka kumfanya bi mkubwa walii. Mwaka 2011, watu walipofurika Samunge kule Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya Babu, mchungaji mstaafu wa kule, kwa shilingi 500, na foleni ya magari ikalala porini siku na siku, bi mkubwa huyuhuyu alipanda gari. Ana sukari. Nauli ya kwenda na kurudi ilikula mtaji wote wa vitumbua. Alirudi na sukari yake vilevile, na vumbi juu. Nilipomuuliza mbona kule hakuuliza nyumba ni barabara ya ngapi, hakukasirika. "Mwanangu, kwenye hela mie sina hofu, sijapata kuwa nazo. Lakini kufa naogopa." Sijapata kusikia maelezo mazuri zaidi ya hayo kuhusu namna mtu mmoja anavyokuwa na akili Jumatatu na kukosa Jumanne. Ukitaka kumjua mtu atapumbazwa na nini, tafuta anachokiogopa au anachokitamani kupita kiasi. Nje ya hapo wengi wetu tuna akili za kutosha.

Tamaa nayo ilipata msimu wake mkubwa ilipotangazwa kwamba bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, litaishia kwetu Chongoleani. Jiwe la msingi liliwekwa Agosti 2017. Wiki ileile madalali wakaota mjini. Vijana niliowajua hawana hata baiskeli wakaanza kutembea na ramani mifukoni, wakiuza viwanja vilivyopimwa kwa hatua za miguu, na ukiangalia, wapimaji walikuwa na miguu mirefu wakati wa kununua na mifupi wakati wa kuuza. Kiwanja kimoja kilipata wenyewe watatu, wote na karatasi. Bomba lipo, kazi ipo, wako waliopata riziki halali. Lakini mzee wetu wa mkonge alituonya mapema na hakuna aliyemsikiliza, kwa sababu alikuwa akipiga chafya.

Yeye mkonge anaujua. Alitusimulia kwamba ulianza na miche elfu moja aliyoagiza Mjerumani, Hindorf, mwaka 1893, na iliyofika hapa ikiwa hai ni sitini na mbili tu. Hiyo sitini na mbili ndiyo iliyozaa mashamba yote tuliyoyakuta, hata ikafika miaka ya sitini Tanganyika inaongoza duniani, zaidi ya tani laki mbili kwa mwaka. Wakati ule, alisema, hakuna mtu Tanga aliyekuwa na shaka. Mabwana shamba walijenga, manamba waliletwa kutoka mikoa ya mbali, reli ilibeba. Kisha zikaja kamba za nailoni, bei ikaanguka, na mashamba yakaota vichaka. "Kitu kilichoanza kwa kunusurika," akatuambia, "watu wakakifanya cha milele." Kisha akapiga chafya, na mtu akauliza bei ya kiwanja.

Na hekima nayo ina hasara zake, jambo ambalo wanaoihubiri hawalisemi. Yuko nahodha mmoja wa Sahare, mzee, huleta baiskeli yake kwangu kila ikikwama cheni, na hunywa kahawa bila kashata kwa ajili ya meno. Huyu ukimuuliza kesho bahari itakuwaje hujibu, "Kukicha tutaona." Msimu wa kusi anaweza kuliacha dau ufuoni siku tatu kwa sababu kaliona wingu asilolipenda. Vijana wana simu zinazowaonyesha upepo kwa mishale na rangi. Siku moja simu ikasema shwari, nahodha akasema hapana, vijana wakatoka bila yeye. Wakarudi na nguru wa kutosha, bahari imelala kabisa. Kijiwe kizima kilimcheka, na mie nilikuwemo.

Naye akacheka. "Nimekosa samaki," akasema. "Sijakosa mtoto."

Nimelitafakari sana hilo nikiwa nakaza spoku. Mtu mwangalifu hukosea mara nyingi zaidi ya mzembe, nawaambia kweli. Kila anapobaki pwani na upepo usivume, amekosea, na hasara yake yaonekana hadharani: samaki wale pale, wanauzwa. Alichoepuka hakionekani. Hakuna anayeweza kuniletea kijiweni mauti ambayo hayakutokea tuyapime kwa mizani. Ndiyo maana mwangalifu huishi akichekwa maisha yake yote, na mzembe husifiwa mpaka siku ya mwisho, ambapo wanaomsifu huwa wamevaa kanzu. Nahodha huyu amelipa hekima yake kwa nguru, kilo kwa kilo, na hajawahi kudai aliwahi kuwa na hakika na chochote.

Lakini asije mtu akasema nasifia wazee kwa uzee wao. Uzoefu haumfundishi kila aliyepitiwa nao. Wapo waliokaa duniani miaka sabini na wakarudia mwaka mmoja mara sabini. Kijiweni petu wako wawili, marafiki tangu utoto wao Makorora, watu wa swala tano, ambao waliligusa suala la Mapango ya Amboni. Mnaijua ile simulizi: mbwa wa Mzungu aliingia pangoni, hakutoka, akaja kuonekana mbali kabisa. Mmoja akasema alitokea Mombasa. Wa pili akasema Mombasa wapi, alitokea Kilimanjaro, na babake alimwona aliyemwona. Wa kwanza akasema babake yeye alimwona mbwa.

Ubishi ulianza baada ya alasiri. Wakataja maji ya chini, wakataja popo, wakachora ramani mchangani kwa kijiti. Muuza kahawa akazungusha mara ya tatu. Kijana wangu wa kazi, ambaye alikuwa ameshika gurudumu akisubiri nimpe spana, akauliza kwa adabu, "Samahanini wazee wangu, shikamooni. Huyo mbwa aliitwa nani?"

Nikadhani amewanyamazisha. Wakatazamana. Kisha mmoja akasema "Simba" na mwenzake, sauti moja naye, akasema "Jimi", na hapo ndipo mkongojo ulipoinuliwa. Tukawaachanisha. Siku hizi wa Mombasa huja asubuhi na wa Kilimanjaro huja jioni, na muuza kahawa anasema mauzo yake hayajawahi kuwa mazuri hivi.